Gari la zamani likitaka upampu breki mara tatu, hiyo si tabia, ni ugonjwa

Kama umewahi kupanda gari la zamani huku Pwani, unaijua ile dansi ya mguu. Kabla ya kona dereva anakanyaga breki mara moja, mbili, tatu, chapchap, ya nne ndo inashika. Ukimuuliza anakwambia, "Hili ndivyo lilivyo, lishazoea." Yaani gari limekuwa na hulka, kama mzee anayetaka chai yake bila sukari.

Ami yangu anabeba samaki kwa pikapu ya Peugeot 504, kutoka gatini Shimoni hadi Ukunda. Mimi ni utingo wake siku ambazo sina la kuandika, na hizo ni nyingi. Kwa karibu miaka miwili pikapu hiyo ilitaka kupampuliwa mara tatu. Fundi mmoja wa kando ya barabara alifanya wanachofanya wengi: akafungua kifuniko, akaongeza mafuta ya breki, akafunga, akachukua chake.

Wiki mbili baadaye tunaingia Shimoni, gari tupu, mama mmoja anavusha watoto wa chekechea. Ami akakanyaga. Mguu ukaenda hadi chini. Akapampu, wapi! Mara ya tatu breki za mbele zikashika, pedali ikikaribia kugusa sakafu, akavuta handibreki, gari likasimama limekaa upande. Yule mama hakusema neno. Alituangalia tu, akawashika watoto mikono, wakaenda.

Mimi nilishindwa kulala. Nikaanza kusumbua mafundi kwa maswali, na haya ndiyo niliyotoka nayo.

Kwanza, acha kupampu. Ukipampu unafanya mambo matatu kwa pamoja: unasukuma mafuta haraka kuliko yanavyovuja, unabana upepo ulio ndani ya paipu, na unasogeza lainingi karibu na dramu. Hayo ni magonjwa matatu tofauti na mguu wako unayatuliza yote kwa dawa moja. Ndiyo maana dereva anaweza kuishi na breki mbovu miaka na asijue ubovu uko wapi.

Egesha gari mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu, zima injini. Kanyaga mara kadhaa kumaliza nguvu iliyobaki kwenye busta, achia, pumzika kidogo. Halafu kanyaga mara moja, polepole lakini kwa nguvu, kama mtu anayeegemea mlango. Shikilia. Hesabu hadi thelathini.

Pedali ikisimama imara, vizuri. Ikizama taratibu chini ya mguu wako, kuna mahali mafuta yanapita. Angalia upande wa ndani wa kila gurudumu, angalia ukutani masta silinda ilipofungwa, inua zulia chini ya pedali. Kama kote ni kukavu na mafuta hayapungui kwenye kopo, basi raba za masta zimechoka na mafuta yanazunguka humo humo ndani. Kama yanapungua na huoni tone popote, usifikirie majini: masta inaweza kuwa inavujia kwenye busta, na injini inayavuta na kuyachoma. Moshi mweupe nyuma utakuambia.

Kama haizami lakini inadunda kama sponji, hapo kuna upepo. Na kama mara ya kwanza iko chini, ya pili iko juu na ngumu, usikimbilie kutoa upepo. Mara nyingi ni lainingi za nyuma zimeisha au zimekaa mbali na dramu, zinahitaji kurekebishwa tu. Watu hutupa pesa nyingi hapa, manake dalili hizi mbili zinafanana ukiwa na haraka.

Pedali ikiwa ngumu kama jiwe na gari halisimami, mtuhumiwa ni busta. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga hadi iwe ngumu, usitoe mguu, washa. Pedali inatakiwa ishuke kidogo. Isiposhuka, anza na mpira wa upepo unaotoka kwenye injini, huwa unapasuka, na ni bei rahisi kuliko busta.

Kuna nyingine ya kijanja: breki inashika lakini haiachii, au gari linavuta upande mmoja. Endesha kidogo bila kukanyaga sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Iliyo moto ndiyo mgonjwa. Pengine silinda ya gurudumu imekwama kwa kutu, pengine mpira wa breki umevimba kwa ndani, unaruhusu mafuta kwenda na unayazuia kurudi. Kwa nje mpira huo unaweza kuonekana mzima kabisa.

Sasa tuje kwetu. Shimoni gari linakaa na bahari, na mafuta ya kawaida ya breki yana kiu, yananyonya maji hewani. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanywa maji ya asilimia 3.7 hivi, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kwenye barabara tambarare ya Msambweni hutaona tofauti. Nenda Kwale, ushuke Golini na mzigo mguu ukiwa juu ya breki muda wote, ndo utaiona: mafuta yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabanika. Pedali iliyokuwa safi asubuhi inakuwa matope. Ikipoa inarudi, na fundi anakwambia gari halina shida. Badilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili, usiongeze tu. Na kamwe usitie oili ya injini eti ni mafuta pia. Raba zinavimba na unaanza upya na kila kitu.

Na ya Ami ilikuwa nini? Samaki. Barafu inayeyuka nyuma, maji ya chumvi yanachuruzika hadi kwenye chesisi, na paipu ya breki za nyuma inapita hapo hapo. Palipokuwa na klipu ya kuishikilia, kutu ilikula kimyakimya hadi kukawa na tundu kama la sindano. Ukitazama chini huoni, klipu imeziba. 504 ya Ami ina njia mbili, ya mbele na ya nyuma, ndiyo maana za mbele zilibaki. Magari mengi ya miaka ya 1960 yana njia moja tu. Marekani ililazimisha magari mapya ya abiria kuwa na mbili kuanzia 1968. Kama lako ni la njia moja, kila paipu ni ya mwisho.

Tuliweka paipu za shaba iliyochanganywa na nikeli, zisizoliwa na kutu hivyo. Fundi akinuia kukuunganishia kwa mpira na klipu za maji, ondoka na gari lako.

Halafu tukajiharibia wenyewe. Wakati wa kutoa upepo niliambiwa nikanyage hadi mwisho, nikakanyaga. Kesho yake pedali ikaanza kuzama taratibu. Kumbe masta ya miaka mingi, pistoni yake hutembea sehemu ile ile kila siku, huko mbele kumejaa kutu na uchafu. Ukiisukuma huko, raba zinachanika. Weka kipande cha mbao chini ya pedali ndo utoe upepo. Mimi nilikijua hicho kipande baada ya kununua seti ya raba.

504 si gari la mchezo. Ilishinda Safari Rally 1975 na Ove Andersson, na ile kupe yake ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Ya Ami inashinda kufika Ukunda kabla barafu haijaisha. Sasa inashika mara ya kwanza. Lakini juzi tukikaribia pale pa chekechea nikamwona anapampu tena, moja, mbili, tatu. Nikamuuliza kwani kuna nini. Akasema breki ziko sawa, ni mguu tu haujaamini.