Kamongo, Kuhe na Dagaa: Vinara wa Vinasaba na Nishati Ziwa Tanganyika

Ziwa Tanganyika ndilo refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani, kilomita 670 hivi, na kwa kina cha mita 1,470 linapitwa na Baikal peke yake. Viumbe wake nao wana rekodi zao, na mara nyingi hazifuati ukubwa wa mwili.

Vinasaba vingi kupindukia: kamongo. Jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ina herufi bilioni 3 hivi. Ya kamongo (Protopterus aethiopicus) ilikadiriwa kufika bilioni 130, kwa kupima uzito wa DNA ndani ya seli. Sehemu kubwa ya jenomu za kamongo ni vipande vilivyojinakili tena na tena, kwa hiyo wingi huo si dalili ya akili. Kidunia anapitwa na kangaga mdogo wa New Caledonia mwenye bilioni 160, rekodi iliyotangazwa mwaka 2024.

Ukoo uliosomwa karibu wote: kuhe na nduguze. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walichapisha jenomu za takriban spishi zote 240 za jamii hii ya samaki ziwani. Kuhe ndiye mkubwa wao, hufika karibu sentimita 80. Wapo nduguze wasiozidi sentimita 5, wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono.

Mlaji mkubwa wa nishati: mtu. Sokwe wa Gombe, kando ya ziwa hili, waliochunguzwa tangu Julai 1960, ni jamaa zetu wa karibu: herufi zinazolingana hutofautiana kwa asilimia 1.2 tu. Lakini vipimo vya sokwe wa bustani za wanyama, vilivyochapishwa mwaka 2016, vilionyesha kuwa, uzito ukizingatiwa, mtu hutumia kilokalori 400 hivi zaidi kwa siku.

Mbeba nishati mkuu: dagaa. Jua hulisha mwani, mwani hulisha vijidudu vya majini, navyo hulisha dagaa. Kwa makadirio ya wanaikolojia, kila hatua hupitisha sehemu moja tu kati ya kumi ya nishati. Kilo moja ya mgebuka, samaki anayekula dagaa, basi, imegharimu kama kilo kumi za dagaa.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mvuvi wa Ujiji au Kibirizi anayeiona miezi hiyo kuwa hasara aikumbuke hesabu hiyo: dagaa wakipungua, mgebuka hupungua nao.