Kakungulu alivyomsoma Ibrahimu

Katika mahubiri ya siku hizi Misri si nchi tena. Misri ni hofu yako, Farao ni kiburi chako, jangwa ni ule mwaka uliofukuzwa kazi. Usomaji mtamu, na haumgharimu mtu kitu. Mashariki mwa Uganda aliishi mtu ambaye kisa kimoja cha Biblia kilimtoa damu.

Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliwafungulia Waingereza njia ya Bukedi kuanzia 1899, akawasimika Waganda wenzake juu ya wenyeji. Alitarajia ufalme. Mwaka 1906 Waingereza wakampeleka Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga: cheo kikubwa, lakini amri ya Mwingereza. Mwaka 1913 akarudi Mbale, mji alioujenga mwenyewe, akajiunga na dhehebu la Wamalaki, wale waliokataa dawa za hospitali kwa kushika Maandiko.

Humo akakutana na Mwanzo 17. Ibrahimu ana miaka 99, mifugo tele, watumwa tele, na bado anaambiwa atahiriwe. Mwaka 1919 Kakungulu akatahiriwa pamoja na wanawe. Wenzake walipomwambia kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi.

Kwa Waganda tohara haikuwa mila. Kwa Wagisu wa Mbale kisu ni jambo la hadharani: kijana kapakwa unga, ukoo umemzunguka, akishtuka tu aibu ni ya nyumba nzima. Kakungulu hakuwa na ushujaa wa kumthibitishia mtu. Alishauonyesha, tena kwa bunduki. Wapo wanaosema aliwasusia Waingereza tu. Huenda. Lakini hasira haimtoshi mtu kushika Sabato kila wiki hadi kufa. Mimi naona alijiuliza swali ambalo wasomaji wa Misri-ya-moyoni hulikwepa: katika kisa hiki, mimi ni nani? Aliyewachimbisha barabara watu wa Bukedi asingejiita Musa kirahisi. Si kwamba moyo haumo: Kumbukumbu la Torati, kitabu alichokishika, chenyewe kinadai moyo nao utahiriwe.

Alifariki Novemba 1928. Jiwe la kaburi lake linataja ujemadari na urais wa Busoga, Torati haimo. Wafuasi wake, Abayudaya, walisali kwa siri Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, na mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu wa kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale, alitawazwa kuwa rabi mjini Los Angeles.