Maarifa Yasiyomo Kitabuni

Mashine ya fotokopi ya miaka ya 1980 ilikuwa dude zito lenye roli, mikanda, taa, nyaya za umeme mkali na unga mweusi wa wino uliopenya kila mahali. Kampuni ya Xerox ya Marekani ilikuwa na maelfu ya mafundi waliozunguka kwa wateja kuzitengeneza. Kila fundi alipewa kitabu cha maelekezo: mashine ikionyesha namba fulani ya hitilafu, pima hapa, ukipata umeme, nenda ukurasa huu, usipopata, nenda ule. Wakubwa wa kampuni waliamini kwamba fundi mwenye kitabu hicho hana haja ya kuumiza kichwa. Afuate maelekezo tu, mashine itapona.

Julian Orr aliitilia shaka imani hiyo. Alikuwa mwanaanthropolojia katika kituo cha utafiti cha Xerox mjini Palo Alto, California, na kazi ya ufundi aliijua kwa mikono yake. Wenzake wa fani hiyo huenda kuishi kwenye vijiji vya mbali wakachunguza mila na ukoo. Yeye aliwafuata mafundi wa fotokopi. Alipanda magari yao, akasimama nyuma yao wakifungua mashine, na kubwa kuliko yote, akala nao. Mafundi hao walikuwa na desturi ya kukutana asubuhi kabla ya kutawanyika, au mchana, na mezani walizungumzia mashine. Mtu wa nje angewaona wavivu wanaopoteza saa za kampuni.

Orr aliona kinyume chake. Kitabu kiliandikwa na watu waliokisia jinsi mashine itakavyoharibika. Lakini mashine ikishakaa miaka kwenye ofisi ya mtu, ikapigwa vumbi, ikalishwa karatasi mbovu na kugongwa na kila mwenye haraka, huanza kuharibika kwa namna ambayo mbunifu wake hakuiota. Hapo kitabu kinanyamaza.

Kisa kimoja alichokishuhudia kimesimuliwa mara nyingi na watafiti waliomfuata. Fundi alikuta mashine inayotoa namba za hitilafu ambazo hazikulingana kabisa na jinsi ilivyokuwa ikizima. Alifuata kitabu mpaka mwisho wake, asipate kitu. Akamwita mtaalamu aliyemzidi uzoefu, naye akakwama. Wangeweza kusema mashine ibadilishwe, lakini kwa fundi hiyo ni aibu mbele ya mteja. Basi wakabaki palepale, huku wanapima na huku wanasimuliana. Unaikumbuka ile iliyokuwa ikizima ikipata joto? Na ile ya fulani, ambayo namba ilisema hivi kumbe tatizo lilikuwa kule? Kila kisa kilileta kipimo kipya cha kujaribu, na kila kipimo kilikumbusha kisa kingine. Baada ya muda mrefu dalili zilizokuwa zikipingana zikaanza kukaa pamoja, na chanzo kikaonekana. Kisha kisa chenyewe kikahamia mezani, kikawa mali ya mafundi wengine ambao hawakuwahi kuiona mashine ile. Orr aliyaandika haya katika kitabu chake cha mwaka 1996, *Talking about Machines*.

Kampuni nyingi zingesoma matokeo hayo na kuwaamuru mafundi wapunguze mazungumzo. Watafiti wa Palo Alto walifanya jambo la busara zaidi: walijaribu kuwapa mafundi redio za mawasiliano zilizowashwa muda wote, ili aliye kwa mteja upande huu wa mji amsikie mwenzake aliyekwama upande wa pili. Chakula cha asubuhi kikaendelea siku nzima. Udhaifu wake ni mmoja tu, kwamba maneno ya redio hupotea hewani. Suluhisho lililomo ndani yake halimfikii fundi wa mji mwingine, sembuse nchi nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kituo hichohicho kilijaribu njia ya akili mnemba: programu iliyobeba mchoro mzima wa mashine, yenye uwezo wa kumwongoza fundi mpaka kwenye kasoro. Ilipoonyeshwa kwa mafundi hawakuishangilia. Mambo iliyoyajua tayari yalikuwa kwenye kitabu. Waliyoyahitaji wao ni yale ambayo hata mbunifu hakuyajua. Watafiti wakageukia Ufaransa, ambako waliwakuta mafundi wakitembea na madaftari na vipande vya karatasi vyenye vidokezo vyao wenyewe, wakipeana kimyakimya. Mfumo wa kugawana maarifa ulikuwepo zamani, ila ofisi haikuwa na habari nao.

Ndipo ukazaliwa mpango uitwao Eureka. Fundi aliyegundua ujanja mpya aliuandika kwa ufupi: dalili, chanzo, tiba. Fundi mwingine mwenye kuaminika kwenye aina hiyo ya mashine aliupima kabla haujatangazwa. Ukithibitika, uliingia kwenye hazina ukiwa na jina la aliyeugundua na la aliyeuthibitisha. Huko Ufaransa hazina hiyo ilisambazwa kupitia Minitel, ule mtandao wa simu na skrini ndogo ambao Wafaransa walikuwa nao majumbani kabla intaneti haijaenea. Baadaye mpango ulivuka kwenda Kanada, Marekani na kwingineko.

Jambo la majina linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndipo mipango mingi ya namna hii huharibika. Ilipojadiliwa kama waandishi wa vidokezo walipwe, mafundi wenyewe walikataa. Walijua kitakachotokea: kidokezo kimoja kitakatwa vipande vitano ili kilete malipo matano. Walichotaka ni jina. Katika mkutano mmoja wa mafundi, wenzao wengi walisimama kumpigia makofi mtu ambaye hawakuwahi kuonana naye, kwa kuwa walishaokolewa na maandishi yake. Mimi sidhani kuna bonasi inayoweza kununua heshima hiyo, na wala sidhani fundi huyo alingoja kusukumwa ndipo aandike tena.

Faida ilionekana. Huko Brazil, mteja alikuwa amechoshwa na mashine ya rangi yenye thamani ya makumi ya maelfu ya dola, akitaka iondolewe. Fundi akapekua hazina, akakuta kidokezo cha mwenzake wa Montreal: kosa lilikuwa kwenye kifaa kidogo cha kushikia fyuzi, cha bei ya senti tu. Watu wale wawili hawakujuana, na bila Eureka wasingekutana milele.

Lakini si kila ujuzi unakubali kuandikwa. Mwaka 1974 mwanasosholojia Mwingereza Harry Collins alichapisha uchunguzi kuhusu maabara za Uingereza zilizokuwa zikijaribu kuunda leza ya gesi iitwayo TEA, iliyobuniwa Kanada. Makala za kitaalamu zilikuwepo, michoro ilikuwepo. Hata hivyo hakuna maabara iliyofanikiwa kwa kusoma peke yake. Kila iliyofanikiwa ilikuwa imekutana ana kwa ana na watu ambao leza yao ilikuwa ikifanya kazi. Moja ya mambo yaliyowakwamisha watu ni urefu wa waya unaotoka kwenye kapasita. Waliofanikiwa hawakuuficha. Hawakujua kama ni jambo la kutajwa.

Mfano wake wa pili, wa mwaka 2001, unachekesha na kufundisha kwa pamoja. Wanafizikia wa Moscow walikuwa wakipima ubora wa yakuti samawi kwa ajili ya vyombo vya kunasa mawimbi ya mvutano. Kipande cha jiwe hutundikwa kwa uzi mwembamba, kinatetemeshwa, kisha hupimwa kinaendelea kutetemeka kwa muda gani. Kwa miaka mingi maabara za Magharibi hazikuweza kuyapata matokeo ya juu yaliyotangazwa na Moscow, na kulikuwa na minong'ono kwamba Warusi wametia chumvi. Mwaka 1999 timu ya Glasgow ilifanikiwa, baada ya watu wa pande mbili kukaa katika chumba kimoja cha maabara. Uzi, kumbe, ulitakiwa kupakwa mafuta kidogo sana. Mmoja wa wataalamu wa Moscow aliupitisha kwenye pua yake, au nyuma ya sikio, ili upate mafuta ya ngozi ya kiasi kile hasa. Nani angeandika hilo kwenye jarida la fizikia?

Kwa hiyo kuna maarifa ya kuandikwa na kuna maarifa ya kuonyeshwa, na mfanyakazi aliyekwama anahitaji kwanza kujua ni nani wa kumwendea. Mwanasaikolojia Daniel Wegner alilishughulikia hilo tangu mwaka 1985, alipoeleza kwamba watu waliozoeana hugawana kumbukumbu: mimi sina haja ya kujua jambo, mradi najua kwamba wewe unalijua. Mwaka 1995 Diane Liang, Richard Moreland na Linda Argote walilijaribu kwa wanafunzi wa chuo kikuu waliofundishwa kuunganisha redio. Baadhi walifundishwa mmoja mmoja, wengine wakiwa kundi lilelile watakalofanya nalo kazi. Walipoitwa tena wiki moja baadaye, makundi yaliyojifunza pamoja yalikumbuka zaidi na kukosea kidogo. Kila mmoja alijua nani ana mkono mzuri kwa kazi ipi.

Umbali nao hauna huruma. Thomas Allen wa MIT aliwapima wahandisi na kuonyesha, katika kitabu cha mwaka 1977, kwamba kadiri meza zao zilivyotengana ndivyo mazungumzo ya kikazi yalivyopungua, na kwa kasi kubwa. Ikifika kama mita 50, karibu hawazungumzi tena.

Katika ofisi zetu, mtu akistaafu au kuhamishwa hufanyika makabidhiano: funguo, mafaili, gari, muhuri. Anayepokea anatia saini. Hakuna mstari kwenye ile hati unaouliza ni mteja gani husumbua akipigiwa simu mchana, au ni pampu ipi lazima izimwe kwanza ndipo nyingine iwashwe. Kundi la WhatsApp la idara limeziba pengo hilo kwa sehemu, maana mtu akiuliza usiku anajibiwa na aliye macho. Ila jibu hilo, kama sauti ya zile redio za mafundi, kesho limezikwa chini ya salamu na rambirambi. Hakuna aliyelipima, na hakuna atakayelipata mwaka ujao.

Kwa meneja aliyewekewa mezani ankara ya programu mpya ya kuhifadhi maarifa: kabla hujatia saini, wafuate wafanyakazi kumi wa chini, mmoja mmoja, uwaulize walipokwama mara ya mwisho walimwendea nani. Majina mawili au matatu yatajirudia. Kaa na watu hao, uone madaftari yao, na umpe kila mmoja kijana wa kufanya naye kazi bega kwa bega kabla barua yake ya kustaafu haijafika.