Mambo ya kuzingatia unapochagua sanduku la kufugia nyoka mchanga

KATIKA viunga vya Kagio, Kaunti ya Kirinyaga, mkulima akikutana na nyoka kati ya mistari ya nyanya au kando ya mfereji wa mpunga, kinachotangulia ni panga. Ndiposa anayetaka kumfuga mnyama huyu nyumbani hana budi kufahamu kwamba siku atakapotoroka, yamkini hatarudishwa akiwa hai. Majirani hawatangoja kuuliza iwapo ana sumu.

Kabla ya sanduku kuna sheria. Nyoka ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, mfugaji anahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kumwokota kinda shambani na kumtia ndani ya chupa si ufugaji. Isitoshe, ni hatari kubwa, kwani kinda la kifutu, ambaye wengine humwita moma, huzaliwa akiwa na sumu tayari, na mabaka yake humhadaa asiyemjua. Misitu ya upande wa Chuka na milima ya Nyambene nayo ina nyoka wa vichakani mwenye sumu, Atheris desaixi, aliyeelezwa kisayansi na James Ashe mwaka 1968. Biashara ya kimataifa ya nyoka huyo imedhibitiwa tangu 2017. Hao waachwe walipo.

Anayefugwa sana duniani kutoka kwetu ni boa wa mchangani, Eryx colubrinus, mwenyeji wa maeneo makavu ya mashariki na kaskazini mwa nchi. Hana sumu, na wafugaji wa Marekani na Ulaya humzalisha kwa wingi. Kinda lake huzaliwa likiwa na urefu wa takriban sentimita 20, na unene wake haupiti sana ule wa penseli. Hapo ndipo tatizo la sanduku linapoanzia.

Wengi hununua tangi kubwa la kioo wakidhani wanamtendea mema. La hasha. Nyoka mchanga akiwekwa mahali papana pasipo na pa kujificha huishi kwa hofu na huweza kususia chakula. Kwa kinda, sanduku la plastiki la kuhifadhia nguo, la ukubwa mdogo na lenye vibanio pande zote mbili, hufaa zaidi kuliko tangi la bei ghali. Atahamishiwa jingine kadiri anavyokua.

Mfuniko ndio roho ya sanduku. Kuweka kitabu kizito juu yake hakutoshi. Nyoka husukuma kwa pua usiku kucha, na akipata upenyo kichwa, mwili hufuata. Pitisha penseli kwenye kila ukingo: ikipenya, usimtie humo. Milango ya vioo inayotelezeshwa ina kasoro yake, yaani ule mwanya ulio baina ya kioo na kioo, ambao mtu mzima hauoni lakini kinda huuona. Matundu ya hewa yawe madogo kuliko kichwa chake, na yatobolewe kutoka ndani kuelekea nje ili kingo zenye makali zisimkwaruze. Wavu wa chuma humchubua pua. Iwapo nyumbani kuna watoto, ongeza kufuli.

Kadhalika, fikiria joto. Boa wa mchangani huhitaji upande mmoja wenye nyuzi 32 hivi na mwingine usiozidi 27, ili achague mwenyewe. Baridi ya Julai chini ya Mlima Kenya si haba, kwa hiyo kitandiko cha umeme kinachowekwa chini ya sehemu moja ya sanduku ni cha lazima, pamoja na kidhibiti joto. Pasipo kidhibiti, kitandiko humuunguza nyoka naye asiondoke. Stima ikipotea, chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa itasaidia kwa saa kadhaa. Jiko la makaa lisitumiwe chumbani humo: moshi wake ni sumu kwake na kwako.

Kuhusu matandiko, gazeti kuukuu lililokunjwa mara kadhaa linatosha kwa kinda (hata hili), maana atajipenyeza baina ya kurasa na uchafu utaonekana upesi. Mbao na maranda ya mtarakwa yaepukwe kabisa. Mafuta yake yenye harufu kali hudhuru mapafu ya nyoka. Bakuli la maji liwe dogo na zito, lisipinduke.

Na akitoroka? Funga milango ya chumba, ziba nafasi ya chini kwa nguo, kisha waarifu wa nyumbani ili asiuawe kwa mshtuko. Tafuta kwanza penye joto na giza: nyuma ya jokofu, chini ya magunia, ndani ya viatu. Usipomwona, nyunyiza unga kidogo kandokando ya kuta jioni. Boa hutembea usiku, na asubuhi alama zake zitaonyesha alikopita.