Ruzuku, Mkopo na Kina Mama wa Landless

Maneno ruzuku na riziki yametoka shina moja la Kiarabu. Riziki ni kile Mola anachompa kiumbe wake. Ruzuku ni fedha anazopewa mtu au kikundi kwa kazi maalumu bila ya kudaiwa kuzirudisha. Mkopo nao hurudishwa. Ni tofauti ndogo sana, utasema, lakini hapa kwetu Landless imewagombanisha kina mama kuliko udaku wote wa mferejini. Mhariri ameniomba niieleze, nami nitajaribu.

Jina la mtaa wetu lina maana ya watu wasio na ardhi. Usidanganywe na jina, siku hizi kuna maghorofa ya kupangisha na wenye ploti zao. Hata hivyo, mama mwenye kibanda cha mboga au cherehani moja aghalabu ni mpangaji. Akiingia benki kuomba mtaji, swali la kwanza ni dhamana, yaani kitu ambacho benki itashika asipolipa. Kwa miaka mingi dhamana ilimaanisha hatimiliki ya shamba au ploti, na karatasi hiyo katika nyumba nyingi ina jina la baba. Mwaka wa 2017 Bunge letu lilipitisha sheria ya kuruhusu mali inayohamishika, kama vile ng'ombe, mashine na bidhaa za duka, iwekwe dhamana. Ni sheria nzuri, lakini cherehani moja itakukopeshea pesa ngapi?

Nyanya zetu walilijua tatizo hili kabla ya sisi kuzaliwa. Katika miaka ya 1960 na 1970, wanawake wa Mkoa wa Kati walianzisha vikundi vya mabati. Kila mmoja alitoa mchango, wakamwezekea mwenzao nyumba kwa mabati, kisha wakahamia kwa mwingine. Hawakuwa na ruzuku wala benki. Dhamana yao ilikuwa kujuana. Huko Bangladesh, Profesa Muhammad Yunus aliijenga benki nzima ya Grameen juu ya wazo lilo hilo mwaka wa 1983, akapata Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2006. Nasi hapa Kenya tulikuwa na Kenya Women Finance Trust tangu 1981.

Serikali nayo ilianzisha Hazina ya Biashara za Wanawake mwaka wa 2007, kisha Hazina ya Uwezo mwaka wa 2013. Zote mbili zilianzishwa kukopesha. Hazikutoza riba, ila ada ya usimamizi: asilimia 5 kwa ile ya kwanza na asilimia 3 kwa Uwezo. Mkopo ulipewa kikundi, na wanachama walidhaminiana. Tuchukulie kina mama 10 wamechukua shilingi 100,000, kila mmoja akapata 10,000. Mmoja akihama usiku akiwa bado anadaiwa 9,000, tisa waliobaki watatoa 1,000 kila mmoja. Hapo ndipo urafiki hujaribiwa, jamani!

Basi kikundi kimoja cha majirani zetu kilichukua mkopo wa namna hii. Wakati wa kampeni mtu mmoja mwenye gari na kipaza sauti alikuwa amewaambia, "Hizo ni pesa zenu, ni za serikali." Watatu wakaelewa kwamba ni ruzuku. Pesa zikanunua sare za shule, nyingine zikalipia matanga. Waliobaki walilipa deni la wenzao kwa miezi minane, na mpaka leo wakikutana sokoni husalimiana kwa kidevu tu. Mimi siwalaumu wale watatu kama vile wengi wanavyowalaumu. Mtu akikuambia kwa kipaza sauti kwamba pesa ni zako, utamuuliza riba ya nini?

Je, ruzuku ya kweli ipo? Naam, ipo. Mwaka wa 2015 serikali iliunda hazina ya NGAAF, ambayo wabunge wawakilishi wa wanawake katika kaunti huisimamia, na vikundi vimepewa humo ruzuku, mahema, viti na vifaa vya kazi. Wakfu wa Tony Elumelu wa Nigeria nao, tangu 2015, umekuwa ukiwapa wenye biashara changa kutoka nchi zote za Afrika dola 5,000 zisizorudishwa, baada ya mafunzo na mpango wa biashara ulioandikwa.

Wengi hudhani kupata ruzuku ni rahisi kuliko mkopo kwa kuwa ni ya bure. Mimi naona kinyume. Mkopeshaji hutazama watu, kwa sababu atarudi kuwadai. Mtoaji wa ruzuku harudishiwi kitu, kwa hiyo kitu pekee atakachobaki nacho ni karatasi: cheti cha usajili, katiba ya kikundi, kumbukumbu za mikutano, akaunti ya benki, na daftari la kuonyesha kilichonunuliwa na kilichouzwa. Mama anayeuza vizuri lakini hesabu zote ziko kichwani hushindwa na mwenye biashara duni aliye na daftari safi. Na ole wako ukipigiwa simu uambiwe utume ada kidogo kwa M-Pesa ndipo ruzuku yako "ifunguliwe". Huyo ni mwizi, kata simu.

Shangazi yangu na wenzake 11 husaga unga wa uji wa wimbi na mtama. Walinyimwa ruzuku mwaka juzi kwa kukosa daftari. Tangu Januari mimi na dada yangu wa Kidato cha Pili tunawaandikia kila Jumamosi jioni: magunia yaliyonunuliwa, gharama ya kinu, pakiti zilizouzwa na zile zilizotolewa kwa deni (hizi ni nyingi, na walimu wengine wamo!). Tuligundua kwamba pakiti ndogo, ambazo walizipenda sana kwa kuwa huisha haraka, huleta hasara kwa sababu ya bei ya karatasi za kufungia. Wameziacha.

Fomu mpya tumeshaijaza. Imebaki sahihi ya mweka hazina, ambaye yuko Murang'a matangani hadi Jumanne.