Kabla hujabeba keki kwenda makao ya watoto, uliza maswali haya

Tulikuwa watu 14 ndani ya matatu ya kukodi, tukiimba kutoka Nairobi hadi tulipopita Emali. Mmoja wetu alikuwa anatimiza miaka 25, na badala ya sherehe ya kawaida mtaani aliamua tukakate keki na mayatima huko Makueni. Wazo poa kabisa. Tulichanga, tukanunua unga, sukari, sabuni, pedi na mafuta ya kupikia. Tulipofika tulipiga picha hadi simu zikaanza kuzima.

Wakati tunapakua mizigo, msichana wa kama miaka tisa alinishika mkono akaniuliza tutarudi lini. Nikamjibu tu, "Hivi karibuni." Halafu nikamuuliza kwao ni wapi.

"Mutomo," akasema. "Niko na susu. Yeye ndiye alinileta nisome."

Susu ni nyanya kwa Kikamba. Kumbe yatima niliyemletea keki ana nyanya aliye hai, tena kaunti jirani ya Kitui. Safari ya kurudi sikuimba. Nilikuwa napiga hesabu: gari Sh14,000, keki Sh4,500. Hizo pesa zingemnunulia huyo mtoto sare, madaftari na chakula cha muda mrefu akiwa kwao, akilala nyumba moja na susu wake.

Usiku nikakumbuka kitu kingine kilichoninyima usingizi. Hakuna mtu aliyetuuliza sisi ni nani. Hakukuwa na kitabu cha wageni, hakuna aliyetaka kuona kitambulisho, na baadhi yetu walizunguka na watoto hadi nyuma ya mabweni bila mlezi hata mmoja karibu. Sisi tulikuwa na nia njema. Lakini wao walijuaje?

Ndiyo maana naandika haya. Ukiwa kwenye chama, kikundi cha kanisa au mbogi ya chuo inayopanga ziara kama hiyo Kitui, Makueni au kwingineko, jua kwamba siku hiyo wewe si mgeni tu. Pesa zako ndizo zinazoamua makao gani yaendelee. Kwa hivyo kagua kwanza.

Kwa nini mtoto huyu yuko hapa?

Hili ndilo swali la kwanza, na wengi wetu hatuliulizi kamwe. Katiba, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya malezi ya wazazi wake. Mpango wa kitaifa wa serikali ulioanza 2022, wa miaka kumi, unalenga kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia: kwa jamaa zao, walezi wa muda au wazazi wa kuasili. Makao yanafaa kuwa kimbilio la mwisho. Umaskini wa nyanya peke yake si sababu ya kumtenga na mjukuu wake.

Usimuulize mtoto maswali haya mbele ya watu. Muulize msimamizi: Kila mtoto ana faili? Alipitia kwa afisa wa watoto au mahakama, ama aliletwa tu langoni? Jamaa zake wanamtembelea? Mwaka jana ni watoto wangapi walirudi nyumbani? Makao mazuri hujivunia waliorudi kwao. Mabaya hujivunia idadi ya waliobaki.

Omba pia kuona cheti cha usajili, na utazame tarehe. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Ukionyeshwa cheti cha baada ya hapo, au ukaambiwa "bado tunashughulikia", simamisha mchango kwanza hadi upate maelezo kutoka ofisi ya watoto ya kaunti ndogo.

Nani anaingia, na watoto wanalala wapi?

Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 40 kijana wa Oklahoma aliyekuja Kenya kujitolea katika makao ya watoto karibu na Nairobi, kisha akawadhulumu kingono watoto wale wale. Aliingia kama sisi, kwa tabasamu na zawadi. Kwa hivyo makao yakikuuliza kitambulisho, yakikataa ulale huko na yakikukataza kupiga picha za nyuso za watoto, usikasirike. Hiyo ni dalili nzuri. Walezi wenyewe wanafaa kuwa na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na watoto wawe na mtu wa kumweleza shida zao ambaye si mwenye makao. Uliza pia mtoto akikosea anafanywa nini. Katiba inakataza adhabu ya viboko, kwa hivyo jibu la "tunawanyoosha kidogo" halifai.

Kisha omba kuona bweni. Watu wa Ukambani hawajasahau Kyanguli, Machakos, Machi 2001, ambapo wavulana 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024 watoto wengine 21 wakafa katika moto wa Hillside Endarasha, Nyeri. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 unataka milango ifunguke kwa nje na isifungwe kwa kufuli watoto wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Unaweza kukagua hayo kwa dakika mbili tu: sukuma mlango, tazama dirisha, hesabu vitanda. Watoto wakilala wawili wawili kitandani, au wakubwa wakichanganywa na wadogo, uliza sababu.

Stoo na tangi

Huku kwetu Ukambani kuna mambo mawili ambayo mgeni wa Nairobi huyaruka. La kwanza ni maji. Usidanganywe na tangi lililojaa mwezi wa Desemba baada ya mvua. Uliza Septemba maji yanatoka wapi, nani anayachota, na kama watoto hukosa masomo kwa kubeba mitungi.

La pili ni mahindi. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini katika mahindi yaliyoota kuvu iliua watu 125, wengi wao kutoka Makueni na Kitui. Ingia stoo. Magunia yako juu ya mbao au yameguswa na sakafu yenye unyevu? Kuna harufu ya uvundo? Na wewe mwenyewe usibebe mahindi ya bei ya kutupa ukayaita msaada. Chakula ambacho hungekula kwako, usimpelekee mtoto wa mwenzako.

Mfano ulio Kitui

Njia tofauti ipo. Kijiji cha Nyumbani, Kitui, kilianzishwa 2006 kwenye ekari 1,000 za ardhi iliyotolewa na baraza la kaunti la wakati huo. Mwanzilishi wake, padri na daktari Angelo D'Agostino, alikuwa ameanza na makao ya watoto wenye virusi vya HIV jijini Nairobi mwaka 1992. Kijijini Kitui, watoto waliopoteza wazazi kwa UKIMWI huishi na wazee waliopoteza watoto wao, nyumba kwa nyumba. Susu mmoja huwa na watoto wapatao kumi, mara nyingi wakiwemo wajukuu wake wa damu. Kiliundwa kwa ajili ya watoto wapatao 1,000 na wazee wapatao 100.

Hata huko maswali yangu ni yale yale. Lakini wazo lenyewe linafunza: mtoto hahitaji bweni na wageni wa Jumamosi. Anahitaji mtu mzima mmoja anayejua anapenda kula nini na analia kwa nini.

Ukiona kitu hakikai sawa

Usigombane na msimamizi na usiposti mtandaoni. Watakaoumia ni watoto. Andika ulichoona, tarehe na mahali. Piga 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto inayofanya kazi usiku na mchana, au nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Kama mtoto yuko hatarini sasa hivi, nenda polisi.

Sisi tulipiga 116. Tulieleza kuhusu lango lililokuwa wazi na kuhusu mtoto mwenye susu Mutomo. Mwaka huu mwenzetu akitimiza 26 tumekubaliana mchango utapitia ofisi ya watoto, uende kwa nyanya anayelea wajukuu nyumbani kwake. Hakutakuwa na keki wala picha.

Yule msichana niliahidi tutarudi hivi karibuni. Natumaini tukienda hatutamkuta, kwa sababu atakuwa ameshafika kwa susu wake.