Mtoto akikaa kimya darasani, mwalimu aulize nyumbani

Mtoto wa darasa la awali anaulizwa swali, anainamisha kichwa na kukaa kimya. Ni rahisi kusema ni mzito wa kuelewa. Lakini kwa mtoto wa Kimaasai, kumwinamishia mkubwa kichwa ndiyo heshima aliyofunzwa nyumbani. Na huenda maji anayajua kwa jina la enkare tu, hivyo akishikwa na kiu hajui aombeje.

Tanzania ina makabila zaidi ya 120, huku Kiswahili kikiwa lugha ya kufundishia katika shule nyingi za msingi za Serikali. Wapo watoto wanaokizoea kwa mara ya kwanza darasani.

Kabla ya kuhukumu, mwalimu aulize: Nyumbani mnazungumza lugha gani? Mtoto analelewa na nani? Akiitwa, anasikia? Asiyeitika hata kwa lugha ya mama apelekwe kituo cha afya kupimwa masikio.

Barua pekee haitoshi kwa mzazi asiyejua kusoma au aliye mbali na mifugo. Ujumbe unaweza kupitia kwa mwenyekiti wa kitongoji au jirani anayejua lugha zote mbili. Mtoto asifanywe mkalimani wa kikao kinachomhusu mwenyewe.

Nawe mzazi, usisubiri kuitwa kwa kosa. Nenda shuleni, hata kama Kiswahili chako ni cha kuungaunga. Mweleze mwalimu mwanao anapenda nini, anaogopa nini na huumwa nini mara kwa mara. Hayo hakuna ayajuaye kuliko wewe.